Jiwe Nililoliapia

Mmeniandikia. Mhariri alinikabidhi bahasha iliyojaa barua zenu, nikazisoma zote nimekaa sakafuni. Mmoja ameniita nyoka. Mwingine ameuliza, "Hivi wewe mama unalalaje?" Silali, ndugu yangu, kama hilo litakufurahisha. Ila msinichoke bado, maana wiki iliyopita nilisimulia nusu tu ya ubaya wangu, tena ile nusu yenye nafuu.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni mkaguzi wa almasi. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikiangalia ndani ya mawe ya watu na kusema yana kasoro gani. Kazini wananiita Mashine, kwa kuwa sikosei. Mama mkwe wangu alipotelewa na pete yake ya almasi. Polisi wakapekua nyumba, wakakuta pete imefungwa kwenye leso ndani ya mkoba wa mwanamke aliyekuwa akimuuguza mama. Huyo sote tulimwita Sista kwa ajili ya viatu vyake vyeupe vya hospitali. Sista akalia kwamba pete ni yake, alipewa na marehemu mumewe.

Nikaitwa mahakamani. Nikaiangalia pete kwa lenzi, nikaapa kwamba jiwe lile ni la mama mkwe. Sista akatiwa hatiani kwa neno langu, akarudishwa rumande kusubiri hukumu. Hukumu ikapangwa kusomwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Leo nasimulia Jumatatu na Jumanne ya wiki hiyo. Lakini kwanza niwaambie nilivyokosea, kwa sababu hakimu hakuniuliza, na wakili wa Sista hakujua aulize nini.

Watu wa nje hudhani kazi yetu ni kutafuta jiwe safi. Katika miaka yangu yote nimeona mawe safi kabisa mawili, na la pili bado nalitilia shaka. Mengine yote yana vitu ndani. Kuna ufa mdogo mweupe, tunauita unyoya. Kuna vitone vilivyosongamana, hilo tunaita wingu. Kuna punje za madini mengine zilizonaswa wakati jiwe linaumbika huko chini ya ardhi. Kila jiwe lina vyake, kila kimoja mahali pake, na ndiyo maana tunavichora. Tunachora ramani ya duara, kalamu nyekundu kwa kilichomo ndani, ya kijani kwa kilicho juu ya uso. Ukiwa na ramani hiyo unaweza kulitambua jiwe lako hata lichanganywe na mengine elfu.

Jiwe la mama mkwe nililichora na kulipima mwenyewe mwaka nilioolewa, fundi alipolitoa kwenye pete kuisafisha. Nilikuwa bibi harusi mwenye kiherehere, nataka ukweni wajue kwamba nimesoma. Lilikuwa na unyoya mmoja karibu na kiuno, yaani ule ukingo wa jiwe ulio mpana. Katikati lilikuwa na vitone vitatu. Kando ya unyoya palikuwa na punje moja nyeusi. Ramani na uzito nikavitia kwenye faili, nikajisahaulia.

Sasa, mwanafunzi siku ya kwanza anafundishwa mambo matatu. Safisha jiwe. Chora unachokiona. Halafu, ukishamaliza kabisa, ndipo ufungue ramani ya zamani ufananishe.

Mimi Mashine niliyavunja yote matatu kwa robo saa.

Kusafisha, karani wa mahakama alikataa. "Hicho ni kielelezo, mama, hakiguswi na maji." Ningeweza kusema basi siwezi kukagua. Sikusema. Kuchora, nikaona ni kupoteza muda wa mheshimiwa. Nikaifungua ramani ya zamani, nikaitandaza mezani, ndipo nikachukua lenzi.

Jiwe la duara halina kichwa wala miguu. Unaweza kuligeuza mpaka unyoya wowote ukae pale unapoutaka. Niliizungusha pete taratibu mpaka unyoya wa jiwe la Sista ukakaa mahali pa unyoya wa jiwe la mama mkwe. Kisha nikatafuta vitone vitatu. Kwenye jiwe chafu, ukitafuta vitone vitatu utavipata, na ukitafuta thelathini utavipata vilevile.

Punje nyeusi sikuiona.

Niliitafuta. Naapa, kama kiapo changu bado kina kazi yoyote, niliitafuta. Nikajiambia imefichwa na kucha ya pete, zile kucha nne za dhahabu zinazoshika jiwe. Mafundi hupenda kuficha kasoro chini ya kucha, na si kosa. Nikakubali haraka jibu langu mwenyewe, kwa sababu mahakama nzima ilikuwa inaniangalia na nilikuwa nafurahia kuangaliwa.

"Una uhakika kiasi gani?" hakimu aliuliza.

"Mia kwa mia, mheshimiwa."

Sista aliniangalia kutoka kizimbani. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshtuka tu, kama mtu aliyeambiwa habari za nyumbani kwake na mgeni.

Basi tufike Jumatatu.

Asubuhi ile niliwekewa sinia la mawe tisa. Sisi wakaguzi haturuhusiwi kujua jiwe ni la nani, tunapewa namba tu, ili mtu asije akalipendelea jiwe la shangazi yake. Namba moja mpaka sita yalipita bila shida. Namba saba nikalisafisha, nikalibana kwenye kibanio, nikaliweka chini ya hadubini, nikachukua kalamu nyekundu.

Nikachora unyoya karibu na kiuno. Nikachora vitone vitatu. Kisha mkono ukaenda wenyewe kando ya unyoya na kuweka nukta ya ile punje nyeusi, kabla jicho halijamaliza kuiona.

Niliiweka kalamu mezani.

Nikaenda kabatini, nikatoa faili la zamani. Nikazilaza ramani mbili sambamba. Halafu nikalipima jiwe uzito, jambo ambalo mahakamani halikuwezekana kwa kuwa jiwe lilikuwa ndani ya pete. Uzito ulikuwa uleule wa miaka kumi na mmoja iliyopita, mpaka tarakimu ya mwisho.

Jiwe la mama mkwe lilikuwa mbele yangu. Kwa hiyo la Sista lilikuwa la Sista.

Nikashuka mapokezi kwa karani wetu. Huyo tunamwita Sanduku, maana siri ikiingia kwake haitoki.

"Sanduku, namba saba ni ya nani?"

"Dada Mashine, umeanza lini kuuliza?"

"Leo."

"Basi acha leo hiihii."

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya jiwe hili. Nilimweka mimi."

Alizoea kuniona nikipita pale kwake bila hata kumsalimia vizuri, na sasa nilikuwa nimemwinamia mezani.

"Naenda kuchemsha maji ya chai," akasema. "Birika letu linachukua dakika tano. Droo ya pili haifungi vizuri, nimeshalalamika mara ngapi."

Akaondoka. Nikaivuta droo ya pili.

Jiwe lilikuwa limeletwa na duka moja la vito lililotaka kuliuza, likahitaji cheti. Pamoja nalo palikuwa na nakala ya karatasi ya duka kununua jiwe hilo kwa mwenyewe. Muuzaji alikuwa ametia sahihi chini. Niliujua mwandiko ule. Ndio ulioandika kadi za siku za kuzaliwa za watoto wangu, na herufi zake zinaegemea nyuma.

Alikuwa mama mkwe.

Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, mwezi ambao mimi nilikuwa nimelazwa hospitali.

Sikuomba ruhusa kazini. Nilitoka tu, ile nakala mkobani.

Mama alikuwa chumbani kwake, miguu juu ya stuli, redio inaongea peke yake. Tangu Sista achukuliwe, chumba kilikuwa kimechafuka. Dawa zilikuwa zimemwagika juu ya kitambaa cha meza, na sahani ya jana ilikuwa chini ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Nimeliona jiwe lako."

"Si liko mahakamani?"

"Mama."

Akaizima redio. Alichelewa kugeuka, na alipogeuka hakujisumbua kukana.

"Nililiuza asubuhi baada ya upasuaji wako. Daktari alisema ukitoka huko unahitaji upasuaji wa pili, na haraka. Mwanangu alikuwa kwenye korido anagonga ukuta kwa kichwa. Ulitaka mimi nikae na jiwe kidoleni nije nikuzike?"

Nilikaa kitandani. Mtoto wangu wa pili alizaliwa wiki ile. Mume wangu aliniambia ndugu walichanga.

"Nikaweka kioo," mama aliendelea. "Fundi akakikata vizuri, ukikiangalia kwa mbali ni almasi. Nikavaa. Miaka mitatu hakuna aliyejua. Halafu wewe, na wema wako usioombwa, unakuja: mama, lete pete niisafishe, wifi anaolewa. Ungekiona kioo kabla hujakaa. Nikaitumbukiza chooni, nikasema imepotea. Nilidhani mtasikitika siku mbili, basi."

"Na Sista?"

"Nilimkataza mwanangu kuita polisi. Muulize."

"Na Sista, mama?"

Alianza kukunja ncha ya kanga yake na kuikunjua.

"Walinionyesha pete ya yule binti. Nikaona si yangu. Zinafanana, pete za zamani zote zinafanana, lakini mtu anaijua pete yake. Nikasema sina haja ya kujiaibisha. Mkwe wangu ataangalia, atasema silo, watamwachia, na mimi siri yangu itabaki. Nilikuwa nakutegemea wewe. Halafu wewe ukasimama ukasema ndilo." Alicheka, kicheko kibaya kisicho na sauti. "Nikashangaa mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli niliuza."

Wasomaji, hapo ndipo nilipomchukia, na hapo hapo nikajua kwamba sina haki hiyo. Mwanamke yule alikuwa ameuza jiwe la pete yake ya ndoa ili mimi niwe hai wa kumchukia.

"Inuka twende tukaseme," nikamwambia.

"Siendi."

"Alhamisi wanamfunga!"

"Mimi sikuapa, mwanangu. Polisi waliniuliza, nikasema aangalie mkwe wangu, mimi mzee nitajua nini. Hayo ndiyo maneno yangu, yako kwenye faili. Aliyeapa ni wewe." Akaiwasha redio. "Nipe lile blanketi kabla hujaondoka, miguu inaniuma."

Nikampa blanketi.

Mume wangu aliporudi jioni nilimwonyesha ile karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. "Ukimpeleka mama yangu polisi," akasema, "usirudi hapa." Hakupandisha sauti. Alienda kuwaogesha watoto, nami nikakaa kwenye meza ya chakula nikaandika barua ya kukiri. Kurasa mbili. Niliandika kila kitu, ile punje nyeusi pia.

Jumanne asubuhi nikawa mlangoni kwa wakili wa Sista kabla hajafungua. Ni kijana aliyepewa kesi hii na serikali, na koti lake lina kifungo kimoja. Alisoma barua yangu amesimama.

"Unajua hiki ni kiapo cha uongo? Utashtakiwa wewe."

"Najua."

"Na kazi utapoteza."

"Najua. Sista anatoka au hatoki?"

Akapiga chapa ombi la jiwe kukaguliwa upya na mtu mwingine, likiwa limetolewa kwenye pete, likiwa safi. "Mteja wangu atie sahihi hapa. Nikilipata kabla ya saa nane, hakimu ataahirisha hukumu."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, viatu mkononi.

Kule rumande wageni wanakaa upande mmoja wa wavu na mahabusu upande wa pili. Benchi ni la saruji. Sista aliletwa akiwa amevaa ndala za plastiki, moja nyekundu na moja ya bluu. Alikaa, akaniangalia kwa makini.

"Dada, umekonda kuliko mimi."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaanzia mwisho.

"Sista, pete ni yako. Nilikosea. Jiwe la mama mkwe nimelipata, liko kazini kwangu. Nimeandika kila kitu. Tia sahihi hapa tu, wakili anangoja."

Hakuigusa karatasi niliyoipitisha chini ya wavu.

"Ni yangu," akasema.

"Ni yako. Mumeo alikupa kwa haki yake."

"Unajua nilikuwa nasema hivyo miezi minne? Polisi nikawaambia. Hakimu nikamwambia. Wenzangu humu ndani nikawaambia mpaka wakanichoka. Siku uliyosimama wewe, ukasema umeliona kwa lenzi, mia kwa mia, nikaacha kusema." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akiitumia kuniambia mama amekunywa dawa. "Nilikaa nikafikiri. Huyu dada hakosei. Nimeishi kwao, kila mtu anasema hakosei. Basi aliyenidanganya ni mume wangu. Alinivisha kitu cha wizi, akanibusu, akafa."

"Sista, hapana."

"Nilimlaani, dada. Nilikuwa na picha yake ndogo humu. Niliichana."

Nililia. Yeye hakulia.

"Tia sahihi," nikasema. "Tafadhali. Utamlilia ukitoka, utamwomba msamaha kaburini, mimi nitakupeleka. Tia sahihi kwanza."

"Jumamosi mpelelezi alikuja," akasema. "Akasema nikitaja pete ilitoka kwa nani, nitapunguziwa. Siku mume wangu aliponiletea pete alikuwa na mdogo wake, walikwenda kuinunua wote. Kwa hiyo nikamtaja."

"Ulimtaja nani?"

"Shemeji yangu. Ni fundi baiskeli. Nilijiambia, kama mume wangu alikuwa mwizi, basi mdogo wake alijua." Akaziangalia ndala zake. "Wamemkamata Jumapili. Ndiye aliyekuwa anakaa na watoto wangu."

Niliushika wavu kwa vidole.

"Leo unakuja unaniambia jiwe silo," Sista akasema. "Mara ya kwanza nilikuamini, nikamuua mume wangu mara ya pili na kumfunga shemeji yangu. Nikikuamini tena leo, utanipotezea nani? Nimebakiwa na watoto wawili tu."

"Sasa hivi nina hakika. Nimelipima. Nimechora kwanza, nimesafisha..."

"Hata siku ile ulikuwa na hakika."

Akaisukuma karatasi irudi upande wangu. Ilinasa kwenye wavu, akaisaidia kwa kidole.

"Nenda kamtoe shemeji yangu," akasema. "Kwa macho yako hayohayo. Akitoka, akienda kwa watoto, akija hapa akaniambia mwenyewe kwamba pete ni ya haki, nitatia sahihi. Kwako wewe sitii."

Askari akasema muda umekwisha. Sista aliinuka kwanza.

Kituo cha polisi ni mwendo wa dakika ishirini kutoka pale. Ilikuwa saa sita kasoro. Nilijiambia bado kuna muda. Nilijiambia nitamkabidhi mpelelezi barua yangu, atasoma, atamfungulia fundi baiskeli mlango, nitampeleka kwa Sista mimi mwenyewe, na saa nane nitakuwa kwa wakili na sahihi. Mpaka leo najishangaa jinsi nilivyokuwa na matumaini barabarani.

Mpelelezi alikuwa mwanamume mnene mwenye upole, anakula machungwa juu ya gazeti. Alinikumbuka.

"Mtaalamu wetu! Nilikuwa naandaa mtu wa kukufuata. Karibu kiti."

"Nimekuja kwa ajili ya fundi baiskeli. Hana kosa."

"Huyo?" Alifuta vidole. "Huyo amekiri leo asubuhi."

Nilidhani sikuelewa. "Amekiri nini?"

"Wizi. Amesema aliingia mwenyewe kwa mama mkwe wako kwa dirisha la nyuma siku alipokwenda kumsalimia shemeji yake, akachukua pete, akampa huyo shemeji amtunzie bila kumwambia imetoka wapi. Ameeleza vizuri kabisa, mpaka rangi ya mapazia."

"Ni uongo. Hakuna pete iliyoibwa!"

Nikamsukumia barua yangu. Hakuikataa. Aliisoma kurasa zote mbili, polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza aliikunja vilevile ilivyokuwa na kuiweka katikati ya meza, nusu kwake nusu kwangu.

"Mama," akasema, "nitakuambia kama mtoto wako. Barua hii nikiipokea, faili linafunguliwa upya. Wewe unaingia ndani leo. Mama mkwe wako anahojiwa. Jiwe linatafutiwa mkaguzi mwingine, na asiye wa ofisi yako hapa karibu hayupo. Huyu kijana ametoa maelezo ya uongo kwa polisi, hilo nalo ni kosa, anabaki. Yule mwanamke ameshatiwa hatiani, anabaki mpaka rufaa. Nimeona rufaa zikichukua miaka miwili."

"Na usipoipokea?"

Akatoa karatasi nyingine kwenye faili. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, mkaguzi wa almasi, nathibitisha kuwa jiwe nililolikagua ndilo lile ambalo mtuhumiwa amekiri kuliiba.

"Mwendesha mashtaka amekubali. Kijana anabeba kosa lote. Shemeji yake hakujua kitu, anafutiwa. Nikipata sahihi yako hapa, saa kumi leo yuko nyumbani na watoto wake. Kijana atakula miaka yake mitano, ni mzima, hana mke."

"Niitie huyo kijana."

"Si utaratibu."

"Niitie."

Labda aliniona uso. Alimtuma askari.

Fundi baiskeli aliingia amefungwa pingu mbele, mikono bado ina grisi ya kazini kwake. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Mpelelezi akasogea dirishani na machungwa yake, akatugeuzia mgongo.

"Shikamoo," kijana akaniambia.

"Marahaba. Mwanangu, kwa nini umesema uongo?"

Aliinama mpaka paji la uso likakaribia langu. Alinong'ona haraka haraka.

"Mama, pete tulinunua mimi na kaka. Mwenye duka alituwekea mwaka mzima, kila mwezi tunapeleka kidogo. Najua ni ya nani. Wewe nawe sasa unajua, nakuona usoni. Lakini nimewauliza hapa, wameniambia ukweli hauwezi kumtoa shemeji kabla ya Alhamisi, ila hili linaweza. Watoto wako kwa jirani tangu juzi, na jirani anasafiri kesho. Mdogo ana miaka mitatu. Hajawahi kulala kwa watu."

"Nitawachukua mimi!"

"Wewe?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, na akasubiri nijibu, na mimi nikakumbuka kwamba nyumbani nimeambiwa nisirudi.

"Tia sahihi, mama," akasema. "Mimi nakuomba. Usinifanye nimekiri bure."

Mpelelezi akageuka. Alifungua kalamu yake, akaipuliza ncha, akaiweka juu ya meza katikati ya zile karatasi mbili, ya kwangu na ya kwake.

Nikaichukua kalamu. Kijana akasogeza mikono yake yenye pingu, akanishikia karatasi ya mpelelezi isiteleze.